Starehe ndogo za nyumbani hujenga afya

Jumamosi jioni ikifika, msomaji, wewe huburudika kwa njia gani? Ukiuliza swali hili pale Matulo, sehemu za Webuye, wengi watakutajia mambo ya kulipiwa: nyama choma na chupa mbili mjini, chipsi na soda za watoto, au mpira kwenye ukumbi wa video. Wengine watakwambia hawana nafasi wala pesa za kustarehe, na mazungumzo yataishia hapo.

Wenyeji wa huko wanafahamu jinsi pesa za starehe zinavyoweza kukatika ghafla. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka 2009, mishahara ilikoma na biashara zilizokitegemea zikayumba. Aliyezoea kununua raha kila mwisho wa mwezi alibaki na mambo mawili: aishi bila raha, au ajitengenezee nyumbani. Kuishi bila raha si jambo dogo kwa afya. Mtu asiyepumzika hulala vibaya, hukasirika upesi, na mara nyingi huishia kutafuta nafuu kwenye pombe.

Tuanze na sindano. Mitumba imejaa katika masoko ya Webuye, Bungoma na Kitale, na karibu kila nyumba ina gunia la nguo kuukuu linalongoja kugeuzwa matambara. Chukua shati la mwanamume. Kola na ncha za mikono ndizo huchakaa kwanza, ilhali kitambaa cha mgongoni hubaki imara. Mgongo huo watosha gauni la mtoto wa miaka miwili, na mikono yake hutoa mifuko na kamba za kufungia. Mafundi wa zamani hata hawakulikata shati lenyewe. Waliifumua kola, wakaigeuza upande uliochakaa ukafichika, wakaishona tena, na shati likarudi kanisani kwa mwaka mwingine.

Sweta lililotoboka viwiko nalo lina kazi. Kwanza tazama mshono wa ubavuni. Ikiwa kingo zake zilikatwa kwa makasi na kushonwa kwa mashine, liache, kwani uzi utakutokea vipande vipande. Ikiwa zilifumwa nzima, tenganisha vipande, kisha anza kufumua pale mfumaji alipomalizia, ambapo mara nyingi ni shingoni au begani. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne usichanganyike, uoshe kwa maji vuguvugu na uuanike ukining'inia ili unyooke. Hapo utapata soksi na kofia za mtoto mchanga. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kila aliyelala huko mwezi wa Julai anajua thamani ya soksi.

Kazi hii hutuliza moyo. Mkono ukienda taratibu kwa mpigo ule ule, pumzi nayo hutulia, na akili huliweka kando deni la karo kwa muda. Lakini usishone kwa mwanga wa koroboi. Moshi wake hudhuru mapafu, na ule mwanga hafifu huchosha macho. Keti mlangoni jua likiwa bado lipo, na kila baada ya dakika 20 hivi inua macho uvitazame vilima vya Chetambe au chochote kilicho mbali. Kabla ya kuinuka hesabu sindano zako, hasa penye mtoto anayetambaa.

Twende jikoni. Waluhya wana chakula kiitwacho mushenye, na sijui kwa nini wengi wetu tunakikumbuka wakati wa matanga tu. Loweka maharagwe usiku kucha, uyamwage maji hayo, kisha uyachemshe katika maji mapya. Yaache yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Usiidharau hatua hii, kwani maharagwe mekundu yasipochemka vyema huwa na sumu iletayo kutapika na kuharisha. Yakilainika, tia viazi vitamu vilivyomenywa, vikiiva mwaga maji yaliyozidi na uponde kwa mwiko. Chumvi kidogo yatosha, na mafuta si lazima. Watoto wanaweza kumenya viazi na kuponda, na mtoto aliyeponda chakula kwa mkono wake hakikatai mezani.

Kando yake weka saga, kunde au mrenda. Wapishi wengi hulainisha mboga hizi kwa magadi au kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu. Yapunguze, na usizipike mboga kwa muda mrefu, maana vitamini C huharibika. Magadi pia huongeza sodiamu ile ile iliyomo katika chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwenye shinikizo la damu afadhali ayaache kabisa. Najua mgeni wa siku hizi akiandaliwa mboga isiyoelea mafuta hudhani amedharauliwa. Mwache adhani hivyo!

Baada ya chakula, filamu. Wakubwa wanakumbuka jinsi majirani walivyojazana katika nyumba moja yenye televisheni kumtazama Mzee Ojwang, yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, katika vichekesho vya Vitimbi. Utamu wake ulikuwa kucheka pamoja. Leo kila mmoja hucheka peke yake akiinamia simu yake. Iegemezeni simu moja kwenye kopo la sukari, mketi wanne. Kama mtaipata, tazameni Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoelekezwa na Likarion Wainaina. Inasimulia habari za msichana mdogo mwenye ugonjwa usiotibika ambaye hupenda sana filamu za mashujaa, na jinsi kijiji chake kinavyoungana kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Mtalia kidogo, lakini kulia pamoja nako hutuliza. Watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Nyote izimeni mapema, ndipo usingizi uje.

Sasa swali ambalo akina baba hawapendi kuulizwa: ni nani anapumzika? Katika nyumba nyingi mama ndiye mwenye kushona, ndiye mwenye kupika, na filamu ikianza yeye yuko nje akiosha sufuria. Kwake jioni hiyo ni zamu nyingine ya kazi. Sufuria zioshwe na waliokula, au zingoje hadi asubuhi. Mama naye aketi.

Mwangalie pia yule ambaye starehe hizi zimeacha kumfurahisha. Kila mtu huwa na siku mbaya. Lakini ikiwa aliyependa kushona, kuimba au kupiga soga amekosa hamu ya yote hayo kwa majuma mawili au zaidi, halali vizuri, chakula hakimpendezi au anajiona hana faida, huo si uvivu wala kurogwa. Yaweza kuwa maradhi ya huzuni, na maradhi hayo yana tiba. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Webuye, Bungoma au Kitale, aonane na daktari. Akisema anatamani kufa, usingoje Jumatatu wala usimwache peke yake. Nenda naye siku hiyo hiyo.