Dawa ya Kuacha Sigara na Mawazo Mabaya

Wako watu wanaotaka kuacha sigara lakini wanashindwa. Mwaka 2006 Marekani iliruhusu kidonge kiitwacho vareniklini. Kidonge hiki hupunguza hamu ya sigara.

Baadaye baadhi ya waliokimeza walipata huzuni kubwa na hasira. Wengine walifikiria kujiua. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe juu ya dawa hiyo.

Je, ni dawa iliyoleta mambo hayo? Kuacha sigara peke yake huleta hasira, huzuni na kukosa usingizi. Basi wataalamu waliwachunguza wavutaji zaidi ya 8,000. Baadhi walipewa dawa, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 2016 ilionekana kuwa matatizo hayo hayakuzidi sana kwa waliopewa dawa. Onyo lile kali likaondolewa.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Kama umewahi kuugua akili, mwambie daktari kwanza. Waambie na watu wa nyumbani wakuangalie. Ukianza kufikiria kujiua, acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usinyamaze. Wala usirudie sigara, maana sigara inaua.