Breki Iliyokatika: Mwangaza wa Kupita Kiasi katika Televisheni za Chogo

Televisheni za chogo, yaani zile zenye tyubu nene ya kioo inayochomoza nyuma, bado zimo katika sebule na vibanda vya Musoma, Bunda na Butiama, na miongoni mwa hitilafu zinazozifikisha mezani kwa fundi imo ile ya picha kung'aa kupita kiasi, ambapo kioo huwa cheupe au hutawaliwa na rangi moja, nyuso za watangazaji hufifia, na mistari myembamba ya mshazari hukikata kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwenye televisheni hudhani kuwa chombo chake kinazalisha mwanga wa ziada. Ukweli ni kinyume: tyubu ya aina hii ikiachwa bila kizuizi hung'aa kwa nguvu zake zote, na picha hupatikana kwa kuizuia, kwa hiyo fundi anayetafuta chanzo cha mwangaza huo anatafuta breki iliyokatika.

Historia ya televisheni nchini inaeleza ni mitambo ya aina gani inayokutwa mkoani Mara. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, iliihesabu kuwa anasa, na ni mwaka 1994 tu ndipo kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo. Kwa sababu hiyo televisheni nyingi za chogo za mkoa huo ni za kizazi cha mwisho, zenye chipu zilizochukua nafasi ya vipuri vingi vya zamani, na uzimaji wa mitambo ya analojia, ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, haukuziondoa, kwani king'amuzi huunganishwa nazo kwa waya wa AV.

Tyubu yenyewe ni uvumbuzi wa Mjerumani Karl Ferdinand Braun wa mwaka 1897. Ndani ya shingo yake hita ya volti 6.3 hupasha moto kathodi, kipande cha metali kinachotoa elektroni, na elektroni hizo huvutwa kuelekea kwenye kioo na anodi yenye volti zinazokaribia 25,000, zikagonga tabaka la unga maalumu ambao hutoa mwanga unapogongwa. Katika tyubu ya rangi kathodi ni tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kinachoamua wingi wa elektroni zinazopita ni tofauti ya volti kati ya kathodi na gridi iliyo mbele yake; kathodi ikiwa na volti kama 150 juu ya gridi, miale hukatika na sehemu hiyo ya kioo huwa nyeusi, na kadiri volti hizo zinavyoshuka ndivyo mwangaza unavyopanda. Giza, kwa maneno mengine, linahitaji umeme. Mistari ya mshazari nayo ni njia ya kurudi ya miale, ambayo mara 50 kwa sekunde hupanda kutoka chini hadi juu ikiwa imezimwa isionekane, na inapoonekana ni ushahidi kuwa hakuna tena uwezo wa kuizima.

Kabla ya kufungua chombo, inafaa kuchomoa waya wa king'amuzi, kwa maana mawimbi ya picha yamekusudiwa kuishia kwenye rezista ya omu 75 ndani ya televisheni, na rezista hiyo ikikatika, ukubwa wa mawimbi hukaribia kuongezeka maradufu na picha hupauka. Kioo kikiendelea kuwaka bila waya wowote, ubovu umo ndani.

Mwangaza mweupe wenye mistari humwelekeza fundi kwanza kwenye umeme wa volti 180 hadi 200 unaolisha bodi ndogo iliyochomekwa kwenye shingo ya tyubu. Umeme huo hutoka kwenye flaibeki, transfoma inayozalisha pia volti kubwa za anodi, ukapitia rezista ndogo, dayodi na kapasita, na mojawapo ikikatika kathodi zote tatu hupoteza volti zake kwa pamoja. Kapasita ndiyo mshukiwa wa kawaida, kwa kuwa hukaa karibu na vipuri vya moto na majimaji yake hukauka taratibu, na dalili ya awali ni mwangaza kutolingana kati ya upande mmoja wa kioo na mwingine. Ikiwa kioo kimejaa rangi moja tu, umeme huo ni mzima na shaka huhamia kwenye transista ya rangi hiyo iliyopiga shoti, au kwenye tyubu yenyewe, ambamo hita imegusana na kathodi. Hilo la pili halitibiki kwa kubadili kipuri, ingawa mafundi wenye ujuzi huzungusha waya mpya kwenye kiini cha flaibeki ili hita ipate umeme wake peke yake, usiounganishwa na ardhi ya bodi, na hivyo kathodi ikabaki na volti zake hata kama imegusana nayo.

Flaibeki ina virekebishi viwili, kimoja cha kukaza picha na kingine kiitwacho skrini, ambacho hupandisha au kushusha mvuto wa elektroni kwa jumla. Kukigeuza hiki cha pili ndiyo njia ya mkato inayopendwa mno, na inastahili kulaumiwa: mwangaza hushuka, mteja huondoka, lakini kapasita iliyokauka inaendelea kukauka na picha inarudi kuwa mbaya zaidi. Kukigusa kunafaa pale tu ambapo volti za kathodi zimepimwa zikakutwa sawa, na hata hapo flaibeki inayovuja ndani huweza kupandisha volti za skrini yenyewe kadiri inavyopata joto.

Mazingira ya Mara huongeza lake. Volti kubwa za anodi huvuta vumbi, na vumbi la Bunda likikutana na unyevu wa Ziwa Victoria huko Musoma, pamoja na wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga na kuingia kupitia matundu ya nyuma, hutokea utando unaopitisha umeme na kutu katika soketi ya shingo. Kuisafisha ni kazi ya dakika chache, lakini si ya mkono mtupu: anodi huhifadhi chaji baada ya televisheni kuzimwa, na kapasita kuu huweza kubaki na volti zipatazo 325.

Tyubu iliyozeeka ina kisa chake. Chipu za kizazi cha mwisho hupima umeme mdogo wa kila kathodi na kufidia udhaifu wake, na tyubu iliyochoka huifanya chipu ifidie kupita kiasi, kioo kikawaka kwa mistari dakika za mwanzo kisha kikatulia. Viwanda vikubwa vimeacha kutengeneza tyubu hizo, na ile inayotolewa kwenye televisheni nyingine mbovu sharti ilingane kwa unene wa shingo, kwa soketi na kwa koili za kupindisha miale.