Ukimpeleka mtoi tao, chagua pahali pamoja tu

Mtoto wa miaka mitatu anayekaa Kangemi ama Kawangware yuko kilomita zisizofika kumi kutoka katikati ya Nairobi. Lakini muulize tao anaijua vipi. Wengi wanaijua kama mahali pa kuburutwa mkono kutoka steji moja hadi nyingine, safari ya ushago. Mji ni wake pia, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Sasa tuseme umepata Jumapili moja ya kupumzika, chapaa si nyingi, na unataka kumtoa. Wengi wetu hupanga kana kwamba tunatoka na mabeste: makumbusho asubuhi, KICC mchana, Uhuru Park jioni, picha kila pahali. Kufika saa nane mtoto analia, na baba na mama hawasemezani. Mtoi wa umri huo ana masaa matatu hivi mazuri kabla ya njaa na usingizi kumshika. Panga hayo matatu, mengine achana nayo.

Ukitoka Kangemi ama Uthiru, si lazima hata ufike tao. Mat za Waiyaki Way hupitia Museum Hill. Mwambie makanga mapema akushushe hapo, kisha mtembee hadi Makumbusho ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1930. Mtafute Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu. Mzee Jomo Kenyatta aliamuru alindwe dhidi ya majangili, naye akafa 1974. Sanamu yake iko uani, kubwa kama alivyokuwa. Nyoka pia wapo, wazima, nyuma ya vioo. Beba kitambulisho, kwa sababu raia hulipa kidogo kuliko mgeni.

Wa Lavington na Kileleshwa wako karibu na Arboretum. Msitu huo ulianzishwa 1907 kujaribia miti ya kuni za treni. Leo ni nyasi, kivuli na nafasi ya kukimbia bila bodaboda. Chunga chakula tu, tumbili wa pale hawaombi. Na kama wako ni mtoi wa treni, nendeni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, akaone injini za mvuke.

Toka nyumbani saa mbili asubuhi, tao ikiwa bado tulivu. Epuka mvua za Machi hadi Mei. Julai mvishe sweta. Pakia chapati, maji na nguo ya kubadilisha. Weka sarafu za choo mfukoni. Gari la mtoto liache: mat haina nafasi yake, leso inatosha. Mkiwa kwa kiti, mpakate, hutaitishwa nauli yake.

Halafu hili usilipuuze. Andika namba yako ya simu ndani ya nguo yake, na umpige picha kabla ya kutoka, ili mkipotezana ujue kueleza alivyovaa. Mfunze neno moja: simama. Akikukosa asimame hapo hapo, wewe ndiye utamfuata.

Na mkifika kwa Ahmed akakataa kumtazama, akataka kuokota mawe tu, mwache aokote. Wewe umelipa kiingilio, lakini siku ni yake.