Kutoka Riwaya hadi Filamu: Mfano wa *Dune*

Riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, wasomaji wengi huuliza: ni nini kilichoachwa? Makala haya yanapendekeza swali jingine: je, dhamira ya mtunzi imehifadhiwa? Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tulichunguze swali hili kupitia *Dune*, bunilizi ya kisayansi ya Mmarekani Frank Herbert iliyochapishwa mwaka wa 1965.

Muhtasari

Paul Atreides na wazazi wake wanahamia Arrakis, sayari ya jangwa inayotoa dawa adimu ambayo watawala wote wanaipigania. Babake anasalitiwa na kuuawa. Paul anakimbilia kwa Wafremen, wenyeji wa jangwani, ambao wanamwona kuwa mkombozi aliyetabiriwa. Kinaya ni kwamba imani hiyo ilipandikizwa zamani na jumuiya ya wanawake ambayo mamake Paul ni mmoja wao. Paul anashinda, lakini anajua kuwa vita vitakavyopiganwa kwa jina lake vitaangamiza umati wa watu.

Ugumu wa kuigeuza

(a) *Usimulizi.* Msimulizi wa Herbert ni maizi. Katika onyesho moja huingia katika mawazo ya mhusika huyu na yule. Kamera haina uwezo huo. Katika filamu yake ya 1984, David Lynch aliwafanya wahusika wasikike wakiwaza kwa sauti ya kunong'ona. Matokeo ni kwamba hadhira inaelezwa mambo badala ya kuonyeshwa. Denis Villeneuve, katika filamu za 2021 na 2024, alitegemea zaidi kimya, sura za waigizaji, na ishara za mikono ambazo Paul na mamake huwasiliana kwazo kwa siri.

(b) *Taharuki.* Riwaya inatufichulia mapema kwamba Daktari Yueh ni msaliti. Hivyo tunasoma kwa hofu tukiona familia ikimwamini. Filamu ya 2021 inaificha siri hiyo hadi usaliti unapotendeka. Hofu ya muda mrefu imebadilishwa kwa mshtuko wa ghafla.

(c) *Wakati.* Lynch aliibana riwaya nzima katika dakika 137 hivi, na sehemu ya mwisho inakwenda mbio. Villeneuve aliigawa mara mbili, dakika 155 na 166, na bado alilazimika kupunguza. Riwayani miaka inapita na Alia, dadake Paul, anazaliwa. Ndiye anayemuua adui yao, Baron Harkonnen. Katika filamu ya 2024 matukio yanachukua miezi tu. Alia angali tumboni, naye Paul ndiye anayeua.

(d) *Msamiati.* Herbert aliazima maneno mengi ya Kiarabu na kuweka faharasa mwishoni mwa kitabu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani Usul, jina la Paul miongoni mwa Wafremen, linamkumbusha neno "usuli", na jina Lisan al-Gaib linamkumbusha "ghaibu". Filamu haina faharasa.

Dhamira

Herbert alikusudia kutuonya dhidi ya kumfuata kiongozi kwa upofu. Riwayani, sehemu kubwa ya onyo hilo imo katika hofu za Paul mwenyewe, yaani katika mawazo ambayo kamera haiyaoni. Ukiyaondoa, kinachosalia ni hadithi ya shujaa aliyeshinda. Ndivyo ilivyotokea mwaka wa 1984: filamu ya Lynch inaishia Paul akisababisha mvua kunyesha jangwani, kana kwamba kweli yeye ni mkombozi. Onyo limegeuka sifa.

Villeneuve alilihamishia onyo hilo kwa Chani, mpenzi wa Paul. Riwayani Chani anabaki naye hata Paul anapoamua kumwoa Irulan, binti wa mfalme, kwa sababu za kisiasa. Katika filamu ya 2024 Chani anaushuku utabiri tangu mapema, na mwishoni anaondoka peke yake. Mhusika amebadilishwa ili dhamira isipotee. Kwa hivyo, uaminifu kwa matukio na uaminifu kwa dhamira ni mambo mawili tofauti.

Funzo kwetu

Mtahiniwa, kumbuka kwamba anayetahini anatahini kitabu. Ukiulizwa sifa za Chani wa riwayani, nawe ueleze aliyemwacha Paul, hupati alama hata kama umeitazama filamu mara kumi. Ndivyo ilivyo pia kwa maigizo ya vitabu teule: yatazame baada ya kusoma, si badala ya kusoma. Nawe mwalimu, usiyakataze. Waulize wanafunzi ni nini kilichobadilishwa, na kwa nini.

Zoezi

1. Chagua tukio katika riwaya teule ambalo limo katika mawazo ya mhusika pekee. Ungelionyeshaje kwa vitendo?
2. "Kubadilisha mhusika ni kumsaliti mtunzi." Jadili.