Baridi ya Lushoto: usilale na jiko la mkaa ndani ya gari

WASAFIRI wanaopanda Milima ya Usambara kati ya Juni na Agosti, hususan wale wanaotoka katika joto la Dar es Salaam na Tanga, hushangaa kuona kwamba mwendo wa kilomita 33 hivi kutoka Mombo hadi Lushoto unatosha kumfanya mtu atafute sweta.

Sababu yake ni mwinuko. Mombo ipo takriban mita 400 kutoka usawa wa bahari, na Lushoto ipo karibu mita 1,400. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 anazopanda mtu, na msitu wa Magamba upo juu zaidi ya hapo. Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto la pwani walilijua hilo, wakaufanya mji huo makazi yao na kuuita Wilhelmsthal.

Siku hizi wapo wageni wanaolala katika mahema yaliyofungwa juu ya paa la gari, na wachache huja na trela za kulala, yaani vile vyumba vya magurudumu vyenye tangi la maji, mabomba na jiko la gesi.

Huko Ulaya na Amerika Kaskazini, mwenye trela ya namna hiyo huogopa barafu kuliko kitu kingine. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa, na bomba lililojaa hupasuka. Ndiyo maana kabla ya majira ya baridi humwaga maji yote, huacha koki wazi na kutia kimiminika kisichoganda kirahisi.

Je, Lushoto kuna haja hiyo? Kwa kawaida hakuna. Maji huganda kwenye nyuzi sifuri, na usiku wa Julai mjini Lushoto, pamoja na ukali wake, hubaki juu ya kiwango hicho kwa nyuzi kadhaa. Anayepaswa kuhofia chupa yake kuganda ni mpanda Kilimanjaro aliyefika kambi inayoitwa, kwa haki kabisa, Barafu.

Hatari ya Usambara ipo katika namna watu wanavyoifukuza baridi.

Wengi huwasha jiko la mkaa nje, wakasubiri moshi uishe, kisha wakaliingiza ndani ya hema, gari au chumba na kufunga kila upenyo. Hudhani kwamba moshi ukiisha sumu nayo imekwisha. Hilo ni kosa kubwa. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi huendelea kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala huenda asizihisi kabisa. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu; ya wilaya ipo hapo hapo mjini.

Jiko la gesi ndani ya trela, au injini iliyoachwa ikinguruma ili gari lipate joto, navyo vina hatari hiyo hiyo.

Basi msafiri afanyeje? Kwanza ajue kwamba ardhi humnyang'anya mtu joto upesi kuliko hewa, hivyo godoro au mkeka mzito chini ya mwili una faida kuliko blanketi la tatu juu yake. Nguo zilizoloa kwa ukungu wa mchana zivuliwe kabla ya kulala. Dirisha liachwe wazi kidogo, ingawa moyo utakataa, kwa sababu pumzi za waliolala hugeuka matone kwenye bati na kioo, na kufikia alfajiri matandiko huwa yamelowana.

Kwa anayetaka joto la ziada, chupa imara iliyotiwa maji ya moto, ikafungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa, huwekwa miguuni na kudumu na uvuguvugu kwa saa kadhaa.