MGOMO WA WATU WASIO NA LANGO LA KIWANDA



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani, bila nyapara na bila saa ya kuingia, naye ni mfanyakazi kama sisi? Katiba ya chama chetu inasema mwanachama ni mtu aliyeajiriwa. Lakini vijana wetu wengi siku hizi wanashona, wanachora na kusuka, kisha wanauza kwa simu. Kabla hatujajibu swali hilo, tumeona vizuri tueleze habari za mafundi na wasanii wa Marekani na nchi nyingine wanaouza kazi za mikono yao katika soko la intaneti liitwalo Etsy. Mwezi wa Aprili 2022 watu hao waligoma kwa muda wa wiki moja.

Soko hilo lilianzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, New York. Mpango wake ni huu: fundi anafungua duka lake katika soko la kampuni, anaweka picha za vitu vyake, mnunuzi aliye mbali anachagua na kulipa, na fundi anafunga mzigo na kuupeleka posta. Kampuni haishoni wala haichongi. Kazi yake ni kutunza soko na kutoza ushuru.

Mtu akisikia hivyo hudhani hayo ni maisha ya raha. Tazameni basi siku ya mchoraji mmoja wa aina hiyo. Asubuhi anafunga mizigo na kukimbilia posta. Mchana anapiga picha za vitu vipya wakati mwanga ni mzuri, anaandika maelezo na kupanga bei. Jioni anajibu wanunuzi: huyu anataka rangi nyingine, yule anasema mzigo haujafika. Brashi anaishika usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwaka 2021 kampuni ilileta cheo cha muuzaji nyota, na anayekitaka lazima ajibu barua za wanunuzi katika muda wa saa 24. Nyapara haonekani, lakini yumo ndani ya simu.

Sasa tuangalie makato, maana hapo ndipo penye jambo. Sisi tunaochuma majani ya chai tunajua mizani ikicheza kidogo tu mshahara wa mwezi unapungua. Kwao mizani ni asilimia. Hadi mwaka 2018 kampuni ilikata 3.5 kwa kila mia ya mauzo. Mwaka huo ikapandisha hadi 5, na ikaanza kukata hata kwenye nauli ya posta anayolipa mnunuzi. Tarehe 11 Aprili 2022 ikapandisha tena hadi 6.5.

Chukueni picha inayouzwa dola 40 huko Marekani. Kuiweka sokoni ni senti 20. Ushuru wa 6.5 ni dola 2.60. Gharama ya kupokea malipo ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, yaani dola 1.45. Hapo zimekwenda dola 4.25. Halafu kuna matangazo. Tangu mwaka 2020 kampuni inatangaza vitu vya wauzaji mahali pengine katika intaneti, na mnunuzi akija kwa njia hiyo muuzaji anakatwa asilimia 15, yaani dola 6 zaidi. Muuzaji aliyefikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka anakatwa 12, lakini huyo hana ruhusa ya kukataa. Na makato yote haya yanatoka kwenye bei, si kwenye faida. Karatasi, rangi na sanduku ni juu ya fundi mwenyewe. Kampuni nayo, kwa hesabu zake za mwaka 2021, ilipata faida ya zaidi ya dola milioni 490.

Watu hawa hawaonani. Huyu yuko mjini, yule shambani, mwingine ng'ambo ya bahari. Hata hivyo walikuwa wameshajenga ujirani. Katika mabaraza yao ya intaneti wanaulizana bei ya haki ya kazi ya siku mbili, wanafundishana kufunga vyungu visivunjike, wanaonyana juu ya wezi wa michoro, na duka la mmoja likifungwa na kampuni bila maelezo wenzake wanamwelekeza namna ya kulalamika. Mgomo ulizaliwa katika mabaraza hayo. Bila ujirani huo wa kila siku, sisi tunaamini ile barua ya madai isingepata sahihi za makumi ya maelfu ya watu.

Walidai ushuru mpya ufutwe, bidhaa za viwandani zinazouzwa kama kazi za mikono ziondolewe, malalamiko yashughulikiwe upesi, cheo cha muuzaji nyota kiondoke, na kila mtu awe na hiari ya kukataa matangazo. Kuanzia tarehe 11 hadi 18 Aprili waliyafunga maduka yao kwa alama ya likizo, wakawaomba wanunuzi wasinunue.

Kampuni haikurudisha ushuru nyuma. Wauzaji walikuwa zaidi ya milioni tano na waliogoma walikuwa sehemu ndogo. Hapakuwa na mfuko wa mgomo. Kila mmoja alipoteza riziki yake mwenyewe. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1935 inayolinda haki ya kuunda vyama haiwahusu watu wanaojitegemea.

Lakini hawakutawanyika. Mwaka huo huo wa 2022 waliunda chama chao, Indie Sellers Guild, na kutoka katika harakati hizo ukatokea ushirika uitwao Artisans Cooperative, uliofungua soko lake mwaka 2023. Humo wanachama wenyewe ndio wenye mali. Ni soko dogo sana likilinganishwa na lile la kampuni, na wanunuzi ni wachache. Wanaushirika wengine bado wanalazimika kuuza pande zote mbili.

Tunaomba kila tawi lijadili jambo hili: je, katiba yetu ibadilishwe ili wanaojiajiri waingie, au wasaidiwe kuunda chama chao wenyewe kitakachofanya kazi pamoja nasi? Makatibu wa matawi waandike maoni ya wanachama na kuyaleta pamoja na orodha za ada.