Eskom: Mitambo ilibaki, wajuzi wakaondoka

Na Mwandishi Wetu

MASHINE ya kusaga ikizimika, mwenye mashine hamtafuti aliyemuuzia. Anamtafuta fundi anayeijua. Fundi huyo akiwa amehama, hasara huanza kuhesabiwa kwa siku. Hayo ndiyo yaliyolikuta Shirika la Umeme la Afrika Kusini, Eskom, isipokuwa hasara yake ililipwa na nchi nzima.

Eskom lilianzishwa mwaka 1923 na kwa muda mrefu lilisifika kwa umeme mwingi na wa bei nafuu. Miaka ya 1980 lilikuwa likijenga vituo vikubwa vya makaa ya mawe, na kila kituo kilikuwa shule ya wahandisi na mafundi. Hata hivyo, mlango wa shule hiyo ulikuwa mwembamba. Chini ya ubaguzi wa rangi kazi za juu za ufundi zilikuwa za Wazungu, na Waafrika wengi hawakupewa nafasi ya kuzijifunza. Hivyo, baada ya 1994 shirika lilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuwaingiza vijana, na kuwabakiza wazoefu muda wa kutosha ili wawafundishe.

Kazi hiyo ya pili ililegalega. Sababu mojawapo ni kwamba ujenzi ulisimama. Kituo cha Majuba kilikamilika mwaka 2001 na hakuna kingine kikubwa kilichofuata, ingawa waraka wa serikali wa sera ya nishati wa mwaka 1998 ulikuwa umeonya kuwa umeme ungepungua ifikapo 2007. Mhandisi asiye na mradi hutafuta mradi kwingine. Baadhi walistaafu, baadhi walichukua kiinua mgongo cha kuondoka kwa hiari, na wengine walikwenda kwenye kampuni binafsi au nje ya nchi.

Onyo likatimia. Mgawo wa umeme ulianza mwishoni mwa 2007, na Januari 2008 migodi mikubwa ilisimamisha kazi kwa siku kadhaa. Rais wa wakati huo, Thabo Mbeki, alikiri kuwa Eskom lilipoomba kujenga lilikuwa sahihi na serikali ndiyo iliyokosea.

Ujenzi wa Medupi ulianza 2007 na wa Kusile 2008, lakini wengi wa waliojenga vituo vya zamani hawakuwapo tena. Medupi ilikamilika mwaka 2021. Katika kipindi hicho Eskom liliingiliwa pia na ufisadi mkubwa, ambao Tume ya Jaji Raymond Zondo iliuanika, na wakuu wake walibadilishwa mara kwa mara. Wafanyakazi, waliokuwa takriban 32,000 mwaka 2007, walizidi 46,000 ilipofika 2018. Idadi iliongezeka, lakini mitambo iliendelea kuharibika.

Tukio la Agosti 2021 linaonyesha gharama ya kukosa umakini wa kazi. Jenereta kubwa hupozwa kwa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo lazima iondolewe yote kabla ya kuingiza hewa. Siku chache baada ya Medupi kukamilika, hewa iliingizwa katika jenereta ya mtambo namba 4 wakati haidrojeni ikiwa bado imo. Jenereta ililipuka. Hakuna aliyekufa, lakini Eskom lenyewe lilisema utaratibu wa kazi haukufuatwa. Mtambo huo wa karibu megawati 800 ulirudi kazini mwaka 2025.

Mkulima alilipa sehemu yake. Mwaka 2023 umeme ulikatwa katika zaidi ya siku 300. Wamwagiliaji walishindwa kuwasha pampu kwa saa zinazotakiwa, maziwa yalihitaji jenereta ili yasiharibike, na mabanda ya kuku yalikosa hewa. Mwenye duka naye alinunua dizeli ili friji isizime. Juu ya hayo, bei ya umeme ilipandishwa kwa asilimia 18.65 mwaka huo.

Julai 2022 Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kuwa Eskom lingewaajiri tena mameneja wa zamani wa vituo na wahandisi kutoka sekta binafsi. Wataalamu walioongozwa na taasisi ya vgbe ya Ujerumani, ambao ripoti yao ilitoka 2024, walieleza kuwa mameneja wa vituo hawakuwa na mamlaka ya kutosha. Machi 2024 Dan Marokane, aliyeondoka Eskom mwaka 2015, alirudi kuliongoza. Kuanzia mwishoni mwa mwezi huo zilipita zaidi ya siku 300 bila mgawo. Wazoefu si sababu pekee, kwani matengenezo yaliongezwa na sola za watu binafsi zilipunguza mzigo. Lakini matengenezo nayo yanahitaji anayejua pa kushika.

Somo hili si la mashirika makubwa tu. Ushirika wenye mashine ya kukoboa kahawa au pampu ya umwagiliaji ujiulize: fundi wetu akiondoka kesho, nani mwingine anaijua? Mpeni msaidizi angali yupo. Andikeni kwenye daftari kila tatizo lililotokea na lilivyotatuliwa. Na mlipeni vizuri, kwa sababu mashine inaweza kununuliwa kwa mkopo, lakini mikono ya miaka 20 haina benki inayoikopesha.